Maradhi ya Tarakilishi na Lugha ya Kuyanenea

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumebishana miaka na mikaka kama tuseme tarakilishi au kompyuta, na wengine wakatuletea ngamizi. Mjadala huo umetushibisha sisi. Sidhani kama umemfaa fundi wa Kitengela.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Mashine ya Linux, ambayo ni ya ukoo wa Unix, ikianza kukwama, fundi huandika dmesg asome yale ambayo kiini cha mfumo kimeyanakili tangu iwashwe. Kwa smartctl huiuliza diski habari zake: imefanya kazi saa ngapi, ina joto kiasi gani, na ni sehemu ngapi mbovu ambazo imelazimika kuziacha na kutumia za akiba. Idadi hiyo ikizidi kupanda kila apimapo, diski i mahututi. Nakala zitolewe upesi. Fsck nayo hukagua mpangilio wa faili, ila isitumiwe kurekebisha diski ambayo ingali kazini, la sivyo dawa itageuka sumu. Majibu aghalabu huja kwa Kiingereza. Ajabu ni kwamba mfumo uo huo, ukiwekewa sw_KE, hutaja Jumatatu na Jumanne barabara! Waijua siku ya leo kwa Kiswahili, lakini hauwezi kutuambia unaumwa wapi.

Watakuwapo watakaosema kwamba utaalamu una lugha yake. Na waende Kajiado, kwa wafugaji. Ndigana kali, kimeta, chambavu: kila jina lina dalili zake na hatua zake, na daktari wa mifugo hapungukiwi na elimu anapoyatamka. (Wamaasai wana majina yao pia, wala hapana ugomvi.)

Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilionyesha kwamba programu nzima yaweza kusema Kiswahili. Basi chama chetu kiache kwa muda kubuni majina ya vifaa, kishughulikie sentensi: "diski haisomeki", "kichakataji kimepata joto kupita kiasi". Programu nyingi huria huweka jumbe zake katika faili za tafsiri ambazo hata mwanafunzi aweza kuzijaza. Jumbe za kiini hazitafsiriki hivyo. Hizo tuziandikie kijitabu. Na kabla ya kufungua kamusi, twende Kitengela tuwasikilize mafundi: imeganda, imekwama, inachemka. Maneno mengine wanayo tayari.