Dawa ya Ini Iko Ghalani

Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Methali hii tumeitia kwenye insha tangu shule ya msingi mpaka imechuja kama kanga kuukuu. Lakini upo ugonjwa mmoja ambao kwake methali hii si pambo la insha hata kidogo, maana dawa ya kuuondoa haipo. Ni ugonjwa wa ini unaoletwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na njugu. Maoni yangu, ndugu msomaji, ni haya: mahindi yote yanayoletwa shuleni kwa chakula cha mchana yapimwe unyevu kabla hayajaingia stoo, na kazi hiyo tuifanye sisi wanafunzi wenyewe.

Najua wengine watauliza, "Ini na mahindi wapi na wapi?" Twende polepole. Mwaka 2004 majirani zetu wa Makueni na wenzao wa Kitui walianza kufika hospitalini macho yakiwa ya njano, wakitapika, wengine matumbo yamefura. Ini ndilo linalosafisha sumu mwilini. Likishindwa kazi, rangi ya nyongo hujaa kwenye damu na macho hubadilika. Shida ni kwamba macho ya njano hayamwambii daktari nani aliyeliumiza ini. Yaweza kuwa virusi, yaweza kuwa pombe, yaweza kuwa sumu. Wakuu wa afya walikumbuka kwamba mwaka 1981 mkasa wa namna hiyo ulitokea Machakos, basi wakayapima mahindi. Mengine yalikutwa na sumukuvu mara 220 ya kiwango kilichoruhusiwa wakati ule. Kufikia Julai 20 mwaka huo wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walikuwa wamefariki.

Watafiti wa Kenya na wenzao kutoka Marekani hawakuishia hapo. Waliwachukua wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua kutoka vijiji vilevile, wakapima damu zao na mahindi ya nyumbani kwao. Damu za wagonjwa zilikuwa na alama nyingi zaidi za sumukuvu. Tena ikaonekana kwamba waliokuwa katika hatari kubwa ni wale walioweka mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya ghala lenye hewa. Kwa nini ndani ya nyumba? Kulikuwa na njaa, na watu waliogopa wezi.

Sasa tujiulize sisi wa Mbololo. Wezi tunao, na juu ya wezi tunao ndovu wa Tsavo. Ndovu akiingia shambani usiku mmoja tu, jasho la msimu mzima limekwenda. Kwa hivyo mtu huvuna haraka kabla mahindi hayajakauka vizuri, akayajaza kwenye gunia na kulisukuma chini ya kitanda. Simlaumu mzazi yeyote, nani asiyeogopa njaa? Lakini hali iliyowaua watu wa Makueni ndiyo hii hii, na kutoka hapa hadi Makueni si mbali, ni kuifuata tu barabara ya Nairobi.

Tena tusijidanganye kwamba moto wa jikoni utatuokoa. Sumukuvu haiishi kwa kuchemshwa, hata pure ikae mekoni tangu asubuhi. Mahindi yakionekana masafi si lazima yawe salama. Na aliyekula sumu nyingi akapelekwa hospitali, daktari atamtunza na kuusaidia mwili wake, lakini hana sindano ya kuitoa sumu hiyo. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi naye anajiwekea hatari ya saratani ya ini, hasa kama ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Chanjo ya virusi hivyo hutolewa kwa watoto wachanga humu nchini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hivyo wengi wetu tumeipata. Chanjo ya sumukuvu haipo.

Wapo watakaopinga. Watasema mzazi asiye na pesa za chakula hutoa gorogoro zake chache za mahindi, na tukizikataa mtoto wake atashinda njaa. Neno hilo ni la kweli, nami nalikubali. Ndiyo maana sisemi yakataliwe. Nasema yapimwe, na yakiwa mabichi yaanikwe uwanjani juu ya turubai, kisha yapimwe tena. Mwenye mahindi hayo aendelee kula na wenzake kama kawaida, na asitajwe jina mbele ya watu.

Kupima hakuhitaji mashine ya bei ghali. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, utikise kwa dakika moja, kisha uiache itulie robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Isipogandamana, yamekauka. Kipimo hiki hakionyeshi sumu, kinaonyesha unyevu tu. Kwa hivyo punje zilizovunjika, zilizooza au zilizobadilika rangi lazima zichambuliwe kwa mkono na kutupwa. Zisipewe kuku wala ng'ombe, kwani sumu ya ng'ombe huturudia kwenye maziwa. Na zisiuzwe kwa wapika pombe, maana mnywaji naye ni mtu na ana ini.

Mwisho, yeyote atakayeona macho ya mwenzake yamegeuka njano asiseme ati amerogwa. Ampeleke zahanati siku hiyo hiyo, na amweleze daktari mahindi waliyokula nyumbani yalitoka wapi.

Walimu wetu wapendwa, hatuombi pesa. Tunaomba ruhusa, turubai moja na ufunguo wa stoo kila Jumatatu asubuhi. Klabu ya Sayansi italeta chupa na chumvi, nasi wa Chama cha Kiswahili tutaandika tangazo la mlangoni.