Pilipili ya Kagunga na Adabu ya Msafiri

Muislamu anapokuwa safarini huwa na maswali mawili kabla hajatia tonge kinywani: je, chakula hiki ni halali? Je, ni salama? Siku hizi limeongezeka swali la tatu, hasa kwa vijana wetu wapendao kutembea: je, hiki ndicho wanachokula wenyeji, au ni kile kinachopikiwa wageni? Wapo wazazi wanaoliona swali hili la tatu kuwa ni anasa, na wanaowahimiza watoto wao washike mkate na soda hadi warudi nyumbani. Sisi twaona kwamba maswali haya matatu yana jibu moja, na mwambao wa Ziwa Tanganyika unatupa mfano mzuri.

Kagunga ni kijiji cha Tanzania kilicho kaskazini kabisa mwa mwambao huo, mpakani na Burundi. Milima imekibana kwa nyuma na maji yametanda mbele yake. Kwa hiyo wasafiri wengi hukifikia kwa boti zitokazo Kibirizi, jirani na mji wa Kigoma, zikipita hifadhi ya Gombe njiani. Safari ni ya saa nyingi, jua ni kali, na abiria hushuka na njaa. Nasi twajua kuwa palipo na boti, wavuvi na wachuuzi hapakosi mama lishe.

Chakula cha mwambao huu hakihitaji kupambwa. Kuna mgebuka, samaki mrefu mwembamba anayekaangwa au kuchomwa mzima. Kuna dagaa wadogo wanaong'aa kama fedha, wanaovuliwa usiku kwa taa. Kuna kuhe, samaki mkubwa mwenye minofu minene. Pembeni huja ugali wa muhogo na kisamvu, ambacho wengi wa huko hukiita sombe, kilichotwangwa na kuungwa kwa mawese mekundu. Juu ya yote hayo kuna pilipili mbichi iliyopondwa na chumvi na ndimu. Anayejua pilipili mbuzi hahitaji kuelezwa harufu yake ilivyo tamu na moto wake ulivyo mkali.

Hata hivyo, mgeni anaweza kukaa Kigoma siku tatu asionje hata kimoja kati ya hivyo. Mama lishe akimwona mtu wa mjini na begi lake, kwa ukarimu humdhania kuwa anataka chipsi mayai au wali kuku, na pilipili humpunguzia au humnyima kabisa. Jambo hili si la Kigoma peke yake. Thailand, nchi inayosifika duniani kwa vyakula vikali vya barabarani, wasafiri hulalamika vivyo hivyo: muuzaji akimwona mgeni hupunguza ukali, na mgeni huondoka akidhani ameijua ladha ya nchi. Tena pilipili yenyewe ni mgeni kwao na kwetu. Asili yake ni bara la Amerika, na Wareno walikuwa miongoni mwa waliolisambaza zao hilo Afrika na Asia katika karne ya 16. Leo hakuna anayeiuliza hati ya kusafiria, nalo ni somo kuhusu namna ugeni unavyogeuka kuwa wenyeji.

Basi afanyeje anayetaka chakula halisi? Kwanza, aende saa inayofaa. Mitumbwi ya uvuvi wa usiku hurudi alfajiri, kwa hiyo samaki wa asubuhi ni bora kuliko wa alasiri. Aangalie pia mwezi: dagaa huvuliwa zaidi katika siku za giza, kwani mbalamwezi hushindana na taa za wavuvi. Ajue vilevile kwamba ziwa lina mapumziko yake. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Anayefika wakati kama huo aridhike na dagaa wakavu, asimlazimishe mtu kumtafutia samaki kwa njia ya mlango wa nyuma.

Pili, aangalie wanakokula wavuvi na wabeba mizigo. Watu hawa hulipa kwa jasho lao na hurudi kesho. Hawadanganyiki na bango wala kitambaa cha meza. Tatu, aseme. Maneno machache tu yanatosha: "Mama, shikamoo. Naomba kile mnachokula wenyewe, na pilipili usinipunguzie." Salamu kwanza, ombi baadaye. Tumeona mara nyingi salamu ikifungua sufuria ambayo pesa haikuifungua.

Hapa tumkumbuke Ibn Battuta, msafiri wetu mkubwa, aliyefika Mogadishu mwaka 1331. Hakuona haya kuandika alichopakuliwa: wali wenye samli, mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Pilipili ya wakati ule haikuwa hii yetu ya leo, lakini hamu ya kitu kikali pembeni ya wali ilikuwepo. Kwa kula walichokula wenyeji na kukiandika, ametuachia habari za jamii ya Waislamu wa pwani ambazo huenda tusingezipata kwingine.

Sasa turudi kwenye halali. Katika Suratul Maida, aya ya 96, Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuhalalishia vinavyovuliwa majini, na akawataja wasafiri waziwazi miongoni mwa wanaonufaika navyo. Tuitafakari neema hiyo. Anayekula kuku ugenini hulazimika kuuliza ni nani aliyechinja. Anayekula mgebuka hana swali hilo. Linabaki la jiko na mafuta: je, kikaango hiki au wavu huu wa kuchomea umetumika kwa nyama ya nguruwe? Je, kibanda hiki kinauza pombe? Haya yaulizwe kwa upole, na mama lishe mwaminifu hachukizwi nayo.

Lakini Qur'ani haikutosheka na neno halali. Mara kwa mara imelifuatanisha na chakula kilicho kizuri. Kagunga inajua gharama ya kukosa hilo la pili. Mwezi Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walisongamana katika ufukwe wake mwembamba, wakisubiri kuvushwa kwa meli ya MV Liemba na vyombo vingine hadi Kigoma. Maji safi hayakutosha, vyoo havikutosha, na kipindupindu kikazuka. Maelfu waliugua, na watu wasiopungua 30 walifariki. Allah awarehemu.

Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu wapo wanaoamini kuwa pilipili na ndimu huua kila kijidudu. Hiyo si kinga ya kutegemewa. Hatari kubwa haimo katika samaki anayetoka kwenye mafuta yanayochemka, wala katika ugali ulioepuliwa sasa hivi. Imo katika maji: ya kunywa, ya kunawa, ya kusuuzia sahani, na yale yaliyooshea nyanya na vitunguu vya kachumbari. Kwa hiyo msafiri ale kilicho cha moto na kilichopikwa mbele yake, anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, anywe maji yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa, na kachumbari aiache ikiwa hajui ilioshwaje. Akifanya hivyo atagundua kuwa chakula halisi cha Kagunga, yaani samaki wa moto na ugali wa moto, ni salama kuliko mkate wa juzi uliosafiri naye ndani ya begi.

Inabaki adabu. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwahi kukitia aibu chakula: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Tuwafundishe hivyo watoto wetu kabla hatujapanda nao boti. Pilipili ikiwashinda wanywe maji, watabasamu, waseme Alhamdulillah. Wasikunje uso mbele ya mwanamke aliyeamka kabla ya alfajiri kuwasha moto. Wala tusibishane naye bei ya sahani moja kana kwamba tunanunua shamba. Kwa kipato hicho yumkini anasomesha watoto, na tonge tunalolila kwa kumdhulumu halitakuwa zuri hata likiwa halali.

Mwenyezi Mungu atujaalie safari za heri na riziki iliyo halali na safi. Tukutane wiki ijayo, Inshaallah.