SAVIMBI WA BANDIA NA KASUMBA YA MCHEZO WA BUNDUKI

Tarehe 13 Novemba 2012 kampuni ya Kimarekani iitwayo Activision ilitoa mchezo wa video, Call of Duty: Black Ops II, kwa ajili ya mashine za PlayStation 3 na Xbox 360 pamoja na kompyuta. Katika saa 24 za kwanza mauzo yake yalitangazwa kuwa zaidi ya dola milioni 500, na baada ya siku 15 yalikwisha kupita dola bilioni moja. Kwa kipimo cha mabepari hukumu ilikuwa imetolewa: kilichouzwa sana ni chema. Lakini Mwafrika anacho kipimo chake, nacho hakihesabiwi kwa dola. Kipimo hicho huuliza: mchezo huu unamfundisha mtoto wa Afrika kumlenga nani, na kumshangilia nani?

Haki itendeke kwanza. Kwa upande wa ufundi, mchezo huu ulitengenezwa na mabingwa wa kazi yao. Picha zake zinakwenda bila kukwama, sauti za silaha zinatisha kama za kweli, na hadithi yake inabadilika kufuatana na maamuzi ya mchezaji, hata mwisho wake usiwe mmoja kwa wote. Watu wawili wanaweza kuketi mbele ya televisheni moja, kila mmoja na nusu yake ya kioo, wakacheza pamoja. Anayeyakana haya hasemi kweli. Na ni kwa sababu hizo hizo kwamba mchezo huu unastahili kuchunguzwa kwa makini, maana sumu iliyotiwa katika chakula kibovu haimdhuru mtu, atakitema.

Michezo ya namna hii ina tabia moja inayoitofautisha na sinema. Mtazamaji wa sinema humwona shujaa kwa mbali na aweza kumkataa. Katika mchezo wa bunduki, mchezaji hamwoni shujaa. Yeye ndiye shujaa. Kioo chote ni macho yake, na mbele ya macho hayo kuna mikono miwili iliyoshika silaha. Anayejitokeza mbele ya mtutu ni adui, na adui haulizwi jina wala sababu. Kwa hiyo aliyechagua macho hayo yawe ya nani amekwisha kuamua ukweli uwe wa nani.

Katika Black Ops II macho hayo ni ya jasusi wa CIA. Mapigano ya mwanzo yamewekwa Angola, mwaka 1986. Mchezaji, akiwa katika mwili wa Mmarekani Alex Mason, anatumwa kumwokoa mwenzake aliyetekwa. Njiani anapigana bega kwa bega na Jonas Savimbi, kiongozi wa UNITA, dhidi ya majeshi ya MPLA. Savimbi anasimama juu ya gari la kivita akiwahimiza watu wake, na umati wa Waafrika unatimka nyikani kuukabili umati mwingine wa Waafrika kwa panga na bunduki. Mchezaji anaua askari wa serikali ya Angola kwa makumi, kisha anaendelea na safari yake. Waafrika wanabaki nyuma, wamelala majanini, kazi yao imekwisha.

Gari analopanda Savimbi ni la aina ya Buffel. Gari hilo lilitengenezwa Afrika Kusini kwa ajili ya jeshi la makaburu. Ajabu ni kwamba gari la kaburu limeonekana, lakini askari wa kaburu haonekani uwanjani! Chombo kimeachwa, mwenye chombo amefichwa.

Huyo aliyefichwa ndiye kiini cha habari yote. Majeshi ya makaburu yaliivamia Angola mwezi Oktoba 1975, kabla Agostinho Neto hajatangaza uhuru wa nchi hiyo tarehe 11 Novemba. Yaliingia kutoka Namibia, nchi waliyokuwa wakiikalia kwa mabavu. Savimbi alichagua kushirikiana nao. Ngome yake kuu ya Jamba, kusini-mashariki mwa Angola, iliishi kwa misaada ya Pretoria. Mwezi Januari 1986 Rais Ronald Reagan alimkaribisha Savimbi Ikulu ya Marekani, na mwaka huo huo Washington ikaanza kumpelekea makombora ya Stinger ya kutungulia ndege. Hayo yote yalitendeka wakati wananchi wa Soweto wakipigwa risasi na Nelson Mandela akiwa kifungoni. Basi kijana anayebonyeza kitufe ili kumwokoa Savimbi mwaka 1986 anapigana, pasipo kuambiwa, upande mmoja na utawala wa ubaguzi wa rangi.

Wapo watakaosema, "Huu ni mchezo tu, nani hajui kwamba ni uongo?" Jibu lilitolewa mahakamani. Mwezi Januari 2016 watoto watatu wa Savimbi waliishitaki Activision huko Nanterre, Ufaransa, wakidai fidia ya euro milioni moja kwa kuwa baba yao ameonyeshwa kama mshenzi. Upande wa kampuni haukujitetea kwa kusema kwamba huyu ni mtu wa kubuni. Ulijitetea kwa kusema kwamba Savimbi ameonyeshwa kama alivyokuwa, mkuu wa wapiganaji wa msituni, na kwamba ndani ya mchezo yumo upande wa watu wema. Mwezi Machi mahakama ikaitupa kesi hiyo. Ikiwa kampuni yenyewe imesimama mahakamani ikitaja historia kuwa ngao yake, basi na historia iwe mwamuzi wake. Haiwezekani mchezo uwe historia mbele ya hakimu, ukawa ndoto mbele ya mwananchi.

Na historia inasema nini? Inasema kwamba Savimbi alikubali uchaguzi wa Septemba 1992, akashindwa, akarudi vitani. Inasema kwamba mkataba wa Lusaka wa Novemba 1994 nao haukuleta amani, na kwamba bunduki zilinyamaza Aprili 2002, wiki chache baada ya yeye kuuawa tarehe 22 Februari katika jimbo la Moxico. Inasema kwamba Tito Chingunji, aliyeiwakilisha UNITA mjini Washington, aliuawa mwaka 1991 na watu wa chama chake mwenyewe. Inasema kwamba Waangola wamekufa kwa mamia ya maelfu, na kwamba mabomu yaliyotegwa ardhini yaliendelea kukata miguu ya wakulima na watoto miaka mingi baada ya vita kwisha. Katika mchezo, risasi zikimwingia mchezaji, hujibanza kidogo na kioo kikarudi cheupe. Mkulima wa Angola aliyekanyaga bomu hana pa kujibanza.

Wala isidhaniwe kwamba dawa ya uongo huu ni uongo wa upande wa pili. MPLA nayo ina madoa yake. Mauaji yaliyofuata jaribio la mapinduzi la tarehe 27 Mei 1977 yalikuwa mabaya kiasi kwamba Rais João Lourenço aliwaomba wananchi radhi mwaka 2021. Lakini doa la mmoja halimtakasi mwingine, na wala halimwondoi kaburu katika habari ya uvamizi wake.

Kuna jambo jingine la kutazamwa. Katika mchezo huo yumo pia Oliver North, kwa sura na sauti yake halisi. Huyu ni yule mwanajeshi wa Marekani aliyetajwa katika kashfa ya kuiuzia Iran silaha kwa siri na kuwapa wapinzani wa serikali ya Nikaragua fedha zake. Alihukumiwa mwaka 1989, hukumu ikafutwa baadaye. Na adui mkuu wa mchezo ni nani? Ni Mnikaragua! Waliozichezea nchi za watu kama karata wakati ule ndio wanaoitwa leo kuwafundisha watoto jinsi karata zilivyochezwa.

Kupiga marufuku hakutasaidia kitu. Mchezo uliozuiwa mlangoni utaingia dirishani, na kijana atauona mtamu zaidi. Kinachotakiwa ni kijana kuujua ukweli kabla hajashika pedi. Tanzania inao ukweli huo kwa wingi. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963 hadi ilipomaliza kazi mwaka 1994. Kongwa walipiga kambi wapiganaji wa FRELIMO, SWAPO, ANC na MPLA. Wazee walioyaona hayo wanapungua kila mwaka, na kumbukumbu zilizohifadhiwa kabatini hazishindani na mashine yenye picha na sauti.

Walimu wa historia hawana budi kuifundisha Angola kwa majina na tarehe. Vijana wa Afrika wenye ujuzi wa kompyuta nao wana kazi ya kutengeneza michezo ambamo macho ya mchezaji ni ya Mwafrika. Na mzazi anayenunua mashine hiyo kwa ajili ya mwanawe aketi naye mara moja tu mbele ya kioo, amwulize swali jepesi: hawa unaowapiga risasi ni akina nani, na wamekukosea nini? Mtoto akishindwa kujibu, hapo ndipo somo lianze.