Simu za Waya, Lango la Intaneti na Suala la Umeme

Imeenea miongoni mwetu dhana kwamba kila kinapoingia chombo kipya, sharti cha zamani kitupwe. Dhana hii ni ghali, na historia ya Mpanda yenyewe yaikanusha. Reli ya kutoka Kaliua ilifika huko mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, lakini reli haikung'olewa. Ikabaki njia ya abiria na mazao. Rai yangu ni kwamba nyaya za simu zilizokwisha kutandazwa katika hospitali, shule au ofisi yoyote ya Mkoa wa Katavi zastahili kutazamwa vivyo hivyo. Zaweza kuunganishwa na intaneti, ila kwa sharti moja nitakalolieleza.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Simu ya waya hupeleka sauti kwa umbo la mkondo wa umeme unaopanda na kushuka kama inavyopanda na kushuka sauti. Intaneti haipokei mkondo wa namna hiyo. Hupokea tarakimu tu. Baina ya hizo mbili husimama kifaa kiitwacho lango, ambacho kazi yake ni ya mkalimani. Lango huupima mkondo mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo hukiandika kwa biti 8. Hivyo sekunde moja ya mazungumzo huwa biti 64,000. Idadi hiyo ya vipimo haikuokotwa tu. Simu hupitisha mitetemo ya sauti iliyo kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde, na kanuni yataka vipimo vizidi mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa. Kisha lango hukusanya vipimo vya milisekunde 20, huvifunga kuwa pakiti yenye anwani, na kuituma. Upande wa pili pakiti hufunguliwa, na tarakimu hurudishwa kuwa sauti. Msikilizaji hatambui lolote, mradi safari ya upande mmoja isizidi sana milisekunde 150.

Sasa nifikie sharti. Simu ya waya ya zamani haikuhitaji umeme wa nyumbani. Ilipata mkondo wake, wa volti 48 hivi, kutoka kwenye betri za kituo cha simu, kupitia waya ule ule uliobeba sauti. Taa zikizimika mji mzima, simu iliendelea kuishi. Lango halina fadhila hiyo: umeme wa jengo ukikatika, lango hufa, na simu zote zilizo nyuma yake hufa pamoja nalo. Kwa mji kama Mpanda, ambao kwa miaka mingi ulitegemea majenereta ya dizeli, jambo hili si dogo. Muuguzi wa zamu anayemwita daktari usiku hataokolewa na ubora wa tarakimu.

Wala tusidhani kuwa tatizo hili ni la nchi maskini peke yake. Uingereza ilikusudia kuzima mfumo wake wa simu za zamani Desemba 2025, kisha ikasogeza tarehe hadi Januari 2027, hasa kwa kuwahofia wazee na wagonjwa ambao vifaa vyao vya kuitia msaada hutegemea waya wa simu.

Dawa yake ni hesabu iliyo ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Tuseme lango na ruta hutumia jumla ya wati 25. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Tukitumia nusu tu ili betri isiharibike, tunapata 600. Gawa kwa 25, nazo ni saa 24, bila kuhesabu upotevu mdogo. Betri moja na paneli ya jua ya kuijaza zatosha kulinda mawasiliano ya zahanati. Anayenunua lango bila betri amenunua nusu ya simu.

Yapasa pia kutofautisha uungwana na magendo. Kuunganisha simu za ndani za taasisi si sawa na kupokea simu za ng'ambo kwa siri na kuziingiza nchini kana kwamba zimepigwa hapa. Biashara ya mawasiliano yahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, chini ya sheria ya mwaka 2010.

Walimu wa fizikia na hisabati, somo hili ni lenu. Mkondo, mtetemo, tarakimu na nishati vyote vimo katika kisanduku kimoja kidogo. Mkikifungua mbele ya wanafunzi, Katavi itapata mafundi wake yenyewe. Mkikiacha kimefungwa, kitakapoharibika tutangoja fundi atoke Dar es Salaam, na wakati huo simu itakuwa kimya.