Kibaba, Kisaga, Pishi: Tuwaundie Watoto wa Ziwani Mchezo wa Taa

Usiku wa giza, kabla mwezi haujachomoza, simama kwenye mwalo wa Kibirizi utazame majini. Ziwa Tanganyika limegeuka mji. Taa za wavuvi wa dagaa zimetanda kuelekea Kongo, nyingine zinawaka, nyingine zinazimwa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Watoto wetu wa Kigoma na Ujiji wamekulia mbele ya taa hizo, na kila mmoja anajua kwamba taa ina hali mbili tu: inawaka au imezimwa.

Kompyuta nayo haina la zaidi. Simu iliyo mfukoni mwako huandika kila kitu, sauti ya mama na pesa uliyotumiwa, kwa alama mbili, 0 na 1. Hesabu hiyo ndiyo binari. Mjerumani Leibniz aliichapishia makala mwaka 1703, na mwaka 1937 kijana Mmarekani, Claude Shannon, akiwa bado mwanafunzi, alionyesha kwamba swichi za umeme zinaweza kuifanya. Dunia ya leo imejengwa juu ya swichi hizo.

Mimi nilifundishwa binari ubaoni: gawa kwa mbili, andika baki, soma kutoka chini kwenda juu. Nikapata vema zangu, nisielewe kitu. Bado tunawafundisha watoto wengi hivyo hivyo, na wengi wanafika hapo wakiwa wameshajiaminisha kwamba kompyuta ni mambo ya watu wa mbali. Ndiyo sababu naandika wito huu. Naomba tuwaundie mchezo wa kushika kwa mikono, wenye taa, uliotengenezwa hapa hapa na mafundi wetu.

Bibi zetu walikuwa na binari yao katika vipimo vyao, hawakuiita hivyo tu. Vibaba viwili ni kisaga. Visaga viwili ni pishi. Mwenye kibaba kimoja, kisaga kimoja na pishi moja anaweza kupima vibaba vyovyote kuanzia kimoja hadi saba, na hahitaji kutumia kipimo kimoja mara mbili. Vibaba vitano? Pishi na kibaba, kisaga kinakaa pembeni. Sita? Pishi na kisaga. Ukiongeza chombo cha pishi mbili na kingine cha pishi nne, unafika thelathini na moja. Hiyo ndiyo 1, 2, 4, 8, 16 inayoandikwa kwenye vitabu vya kompyuta. Hata bao letu la kete, lenye mashimo 32 na kete 64, limesimama kwenye ngazi hiyo hiyo ya kuzidisha kwa mbili.

Kwa hiyo kisanduku ninachokiwaza kina taa tano na swichi tano. Chini ya kila taa pamechorwa mtumbwi: wa kulia kabisa ni mdogo, unabeba kibaba kimoja cha dagaa, na kila unaofuata kuelekea kushoto unabeba mara mbili ya uliopita. Taa ikiwaka, mtumbwi umerudi na mzigo. Mtoto mmoja anataja hesabu, mwenzake anawasha mitumbwi inayotosha. Mchezo wa pili ndio ninaoupenda zaidi, kuongeza kimoja kimoja. Anzia kulia: ukikuta taa imezimwa, iwashe, basi. Ukikuta inawaka, izime, sogea kushoto ufanye vivyo hivyo. Mtoto akifika saba, taa tatu zinawaka pamoja. Anaongeza kimoja, anazima, anazima, anazima, kisha anawasha ya nne. Hapo watoto huwa wananyamaza kidogo, halafu wanataka kurudia.

Kisanduku cha kwanza nilikiunda mwenyewe, nikakiweka mkekani katikati ya watoto wa majirani. Kikaleta ugomvi. Nilikuwa sijachora mitumbwi bado, taa zote zilifanana. Binti mmoja aliwasha taa ya kulia kwake akasema moja. Mwenzake aliyekaa ng'ambo akasema hapana, ni kumi na sita. Wote wawili walikuwa sahihi, kwa sababu kulia kwa mmoja ni kushoto kwa mwingine. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo nasisitiza picha za mitumbwi zitofautiane ukubwa, na wachezaji wakae upande mmoja, bega kwa bega.

Mafundi, nina maneno mawili nanyi. Tumieni vitaa vya LED vyekundu na betri mbili kubwa za tochi. Chekundu kinatosheka na volti kama mbili, kwa hiyo kitaendelea kuonekana hata betri zikianza kuchoka, wakati cheupe na cha bluu hufifia mapema. La pili, kila taa ipewe rezista yake, ya omu 100 inafaa. Ukiweka moja kwa taa zote, mwanga utapungua kila taa nyingine inapowashwa, na mtoto ataanza kuuliza kama ile iliyofifia ni nusu. Katika binari hakuna nusu. Rezista na waya mnazo tayari kwenye redio mbovu zilizolundikana chini ya meza zenu, pale mtaa wa Mwanga na pale Ujiji. Waacheni watoto wawatazame mnapounganisha, na mwenye mkono mtulivu mpeni kazi.

Maseremala wa mitumbwi, vipande vya mbao mnavyovitupa ukubwa wake ni wa kisanduku hasa. Pigeni msasa kingo zote, vidole vitakavyoshika ni vidogo. Mji huu haujaanza ufundi jana. Hapa ndipo meli ya Liemba, iliyoletwa kutoka Ujerumani kwa vipande ndani ya masanduku, iliunganishwa ikateremshwa majini mwaka 1915. Ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Wavuvi, taa zenu za LED zilizokufa betri mara nyingi bado zina swichi nzima ndani. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi upande wetu, Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, taa nyingi zilikaa ndani miezi mitatu. Usiitupe iliyoharibika. Mpelekee fundi.

Walimu, nawaomba saa moja tu kwa wiki, na nawaomba wasichana wakae mbele ya swichi, wasiishie kusimama nyuma ya kaka zao wakitazama. Mkikosa kisanduku, msisubiri. Huko New Zealand, Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury na wenzake wamefundisha binari miaka mingi kwa kadi zenye nukta, bila kompyuta yoyote. Sisi tuna visoda. Vitano vinatosha: kilichofunuka kinawaka, kilichofunikwa kimezimwa. Kisanduku kikija, watoto watakuwa wameshaijua njia, na taa zitawapa furaha.

Wazazi, ninyi mnahesabu mwezi. Siku zake ni ishirini na tisa au thelathini, zote zinaenea kwenye taa tano. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, baba yuko nyumbani. Hizo ndizo jioni za kuunda. Leo tafuta fundi mmoja wa mtaani kwako, mpelekee betri mbili na kipande cha mbao, mkae naye. Mwezi ukifika kumi na nne, mkabidhi mtoto kisanduku uani, umwombe aiandike siku hiyo kwa taa. Atawasha nane, nne na mbili, zile tatu za katikati. Za pembeni ataziacha gizani, zingoje.