Kitufe Kilichohama

Kina mama wanaoweka hesabu za ushoni au mapishi katika kompyuta, wanapohamia Windows 11, hukuta kitufe cha Start kimeondoka pembeni kushoto, kilikozoeleka tangu 1995, kikawekwa katikati. Mkono hupotea, na wengi huona haya kuwaita watoto kila mara. Haya hiyo hatuioni na sababu. Mwaka 2012 Windows 8 ilikiondoa kitufe hicho kwenye utepe. Watumiaji wakalalamika, mafundi miongoni mwao, na mwaka uliofuata kikarejeshwa.

Atakaye kukirudisha kushoto na abofye utepe wa chini ya skrini kwa upande wa kulia wa kipanya, afungue mipangilio ya utepe, ashuke hadi sehemu ya mwisho, ateue kushoto. Hesabu zake hazitaguswa.