Ndege ya Papa Huishia Nairobi

Msomaji mpenzi, yako maswali ya watoto ambayo hutufanya sisi wazazi tujikune kichwa. Tuseme mmerudi kutoka misa, chai iko mezani, na mwanao ameikuta picha ya zamani katika kabati la nyanya yake. Ni ya Nairobi, umati hauna mwisho, na mbali kabisa anaonekana mzee aliyevaa kanzu nyeupe. Mtoto anakutazama na kukuuliza, "Baba, mwalimu alisema Papa alikuja Nairobi mara nne. Mbona hakufika Turkana hata mara moja?"

Usimwambie anyamaze anywe chai yake. Swali hilo lina maana, na hata watu wazima wa Lodwar na Kakuma wana haki ya kuliuliza.

Hesabu ya mtoto ni sahihi. Papa Yohana Paulo wa Pili alitua Nairobi Mei 1980, akarudi Agosti 1985 kwa Kongamano la Ekaristi la Kimataifa, na akaja tena Septemba 1995. Kisha Papa Francis akaja kuanzia Novemba 25 hadi 27, 2015. Hawa walikuwa wasafiri hasa. Yohana Paulo alifanya ziara 104 nje ya Italia, na Francis, aliyefariki Aprili 21, 2025, alifanya 47. Wote wawili walipofika Kenya, safari ya ndege iliishia jiji kuu.

Sasa pima mwenyewe. Panda basi Nairobi, pitia Kitale na Kapenguria, teremka Marich uingie kwenye joto na mchanga. Hadi ufike Lodwar kando ya mto Turkwel utakuwa umekwenda karibu kilomita 700. Kakuma ni kama kilomita 120 zaidi, kwenye barabara ya kwenda Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini. Haishangazi kwamba huko kaskazini mtu anayesafiri kuja Nairobi huagwa kwa maneno, "Haya, wasalimie watu wa Kenya." Ni mzaha, lakini mzaha huo una uchungu ndani yake.

Unaweza kumjibu mtoto kwa jibu la kwanza, ambalo ni la kweli. Papa hasafiri kama wewe na mimi. Yeye ni mkuu wa Kanisa na pia mkuu wa dola ya Vatikani. Hualikwa na serikali pamoja na maaskofu wa nchi, na kabla hajaja watu wake hukagua uwanja wa ndege, hospitali, barabara na mahali pa kukusanya malaki ya waumini. Mji mdogo hushindwa katika mtihani huo kabla haujaanza. Ndiyo maana kwa kawaida safari ni ya upande mwingine: kila baada ya miaka mitano hivi maaskofu huenda Roma kumweleza Papa hali ya majimbo yao. Askofu wa Lodwar naye huenda, na kwa njia hiyo habari za ukame na za wafugaji waliopoteza mifugo hufika mezani kwa Papa hata kama yeye mwenyewe hakufika.

Lakini watoto wa siku hizi ni werevu. Mwanao atakwambia, "Mbona alienda Juba?" Naam, hapo amekushika.

Maana Papa Francis hakuogopa mahali pagumu. Safari yake ya kwanza nje ya Roma, Julai 2013, ilikuwa ya kisiwa cha Lampedusa, ambako wahamiaji kutoka Afrika huvuka bahari, wengine wakizama. Alipotoka Kenya na Uganda mwaka 2015 alikwenda Bangui, katika nchi iliyokuwa ikichinjana, akafungua huko mlango mtakatifu wa kanisa kuu. Aprili 2016 alitembelea wakimbizi katika kisiwa cha Lesbos, Ugiriki, akarudi Roma na Wasiria 12 ndani ya ndege yake, wote Waislamu. Na Februari 2023 alikuwa Juba, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akakutana na watu waliofukuzwa makwao na vita.

Ziara hiyo ya Juba iliihusu Kakuma kuliko tunavyodhani. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 kupokea vijana wa Sudan waliokimbia vita hadi Ethiopia, wakafukuzwa tena, wakatembea kwa miguu mpaka Kenya. Leo kambi hiyo pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu karibu 300,000, na Wasudan Kusini ni wengi mno miongoni mwao. Wako vijana waliozaliwa humo ambao Juba wameisikia tu kwa mama zao. Mnamo Aprili 2019 Papa Francis, mzee wa miaka 82, alipiga magoti huko Vatikani na kubusu miguu ya viongozi wa Sudan Kusini, akiwasihi wadumishe amani. Alikuwa akiomba kitu ambacho mama wa Kakuma anakihitaji ili aweze kurudi nyumbani.

Basi, je, tuseme Turkana haina haja ya kulalamika? La hasha. Kutembelewa ni heshima, na asiyetembelewa hujua. Lakini liko jambo jingine ambalo linatuhusu sisi wa mjini, na hili ndilo ningependa umweleze mwanao.

Mei 1980, Nairobi ilipokuwa ikishangilia Uhuru Park, Turkana ilikuwa katika njaa kali ambayo Waturkana wenyewe waliipa jina la Lopiar. Mifugo ilikwisha, watu wakasogea kwenye vituo vya chakula. Papa aliondoka Nairobi Mei 8. Siku mbili baadaye, akiwa Ouagadougou, aliilia dunia kwa niaba ya watu wa Sahel waliokuwa wakifa kwa ukame. Nchi aliyotoka juzi ilikuwa na ukame wake, kilomita mia kadhaa kutoka alikosimama.

Tena Novemba 27, 2015, katika mtaa wa Kangemi, Papa Francis alisema kwamba kuinyima familia maji kwa kisingizio chochote cha ofisi ni dhuluma kubwa. Siku hiyo hiyo, Kasarani, aliwaambia vijana kuwa ufisadi ni kama sukari, mtamu lakini unaua, akawataka washikane mikono dhidi ya ukabila. Tulipiga makofi hadi mikono ikauma. Je, baada ya ndege kuondoka, tulifanya nini? Mama wa Turkana anayechimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji hakuwa Kasarani. Tuliokuwa huko ni sisi, na maneno tuliachiwa sisi.

Basi mweleze mwanao hivi: mgeni akifika sebuleni, hakosi kuuliza habari za walio jikoni. Papa aliishia Nairobi. Kutoka Nairobi hadi Lodwar si kazi yake peke yake. Mwanafunzi, kama darasani mwako yupo mwenzako kutoka Turkana, usimwulize kwa dhihaka kama kwao kuna lami. Mwulize habari za nyumbani kisha umsikilize. Mzazi, mwaka 2025, wafadhili walipopunguza fedha, mgao wa chakula wa Kakuma ulishuka chini ya thuluthi moja ya kiwango kinachotakiwa. Habari kama hiyo isikupite kama habari ya nchi ya mbali. Parokia inapochangisha, usitoe nguo ambayo hata wewe huwezi kuivaa tena. Na mbunge wako akija kuomba kura, mwulize maji ya kaskazini yamefikia wapi, hata kama si jimbo lake.

Kanisa kuu la Lodwar lina jina la Mtakatifu Augustino, na Papa Leo wa Kumi na Nne, aliyechaguliwa Mei 8, 2025, ni mtawa wa shirika la Mtakatifu huyo huyo. Huenda siku moja udugu huo ukamleta. Itakuwa furaha kubwa. Lakini akifika Lodwar na kuuliza, "Ndugu zenu wa Nairobi huja kuwaona?" wenyeji watamjibu nini?

Zungumzeni hayo mezani. Tukutane Jumapili ijayo.